Kioo Kwanza, Filamu Baadaye: Kamera Kongwe ya Magazeti Katika Kufundishia Mwanga

Yeyote aliyewahi kufundisha katika darasa lililoezekwa kwa mabati ya zamani anazijua duara ndogo za mwanga zinazotambaa sakafuni tangu asubuhi hadi jioni. Huku Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima katika Mkoa wa Simiyu, duara hizo haziadimiki, kwani jua ni kali na misumari ya mabati hulegea. Siku moja tuliwauliza wanafunzi wetu, ambao walikuwa wamekwisha kumaliza mada ya Mwanga na kufaulu jaribio lake, kwa nini alama zile ni za mviringo ilhali matundu ya batini yana kila aina ya umbo: mengine marefu, mengine yana pembe, mengine yamechanika tu kwa kutu. Darasa lilinyamaza. Mmoja wao akajibu kwamba ni kwa sababu mwanga husafiri katika mstari mnyoofu. Jibu hilo ni sahihi, nalo limo katika daftari la kila mmoja wao. Lakini alipoombwa aeleze jinsi mstari mnyoofu unavyolifanya tundu la pembe tatu litoe mviringo, hakuwa na la kuongeza.

Ukweli ni kwamba kila duara ni taswira ya jua lenyewe. Kila tundu dogo la bati ni kamera isiyo na lenzi, na sakafu ndiyo kiwambo chake. Kwa kila mita moja ya umbali kutoka tunduni, duara hupanuka kwa karibu sentimita moja. Hivyo bati lililo mita 3 juu ya sakafu huchora jua lenye upana wa karibu sentimita 3. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa likaonekana kama pete huko Rujewa, wilayani Mbarali, na kwa sehemu tu katika mikoa mingine ya nchi yetu, duara hizo ziligeuka kuwa hilali. Wanafunzi wetu waliketi miaka mingi juu ya maelfu ya picha za jua, wakakariri kanuni inayozieleza, wala wasijue kwamba ni picha.

Hatulitaji jambo hili kwa kuwalaumu wanafunzi. Lawama, kama ipo, ni yetu sisi walimu. Tumezoea kuanza na jina la kitu, kisha fasili yake, kisha mchoro wa miale ubaoni, na kitu chenyewe tukakiacha mpaka siku ya jaribio la maabara, nayo siku hiyo aghalabu haifiki. Katika makala haya tunakusudia kutetea utaratibu ulio kinyume cha huo, na kuutetea kwa njia ya chombo kimoja ambacho wengi watakiona ni cha ajabu kukitaja katika zama hizi: kamera kongwe ya wapiga picha wa magazeti, pamoja na lenzi zake. Hoja yetu ni moja. Mwalimu aliyebahatika kuipata kamera hii asiikimbilie filamu. Aanze na kioo chake cha nyuma, na abaki hapo muda mrefu.

KAMERA YENYEWE

Kamera tunayoizungumzia ni ile iliyotawala katika vyumba vya magazeti kabla ya kamera ndogo za filamu ya milimita 35 kushika nafasi yake. Iliyo mashuhuri kuliko zote ni Speed Graphic, iliyoanza kutengenezwa mjini Rochester, Marekani, mwaka 1912. Ndugu yake aliye mwepesi zaidi, Crown Graphic, alitokea mwaka 1947, na utengenezaji wa jamii hii ya kamera ulikoma mwaka 1973. Joe Rosenthal alikuwa na Speed Graphic mkononi alipoipiga, mwaka 1945, ile picha ya askari wa Marekani wakisimamisha bendera katika kisiwa cha Iwo Jima. Filamu yake si utepe bali ni karatasi moja moja, yenye ukubwa wa inchi 4 kwa 5, yaani takriban sentimita 10 kwa 12.7.

Kamera hii ni jamaa wa karibu wa zile kamera kubwa za studio ambazo wazee wetu wanazikumbuka. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na katika miji mingine ya pwani na bara, mtu aliyetaka picha alikaa kimya mbele ya sanduku la mbao huku mpiga picha akijifunika kitambaa cheusi. Tofauti kubwa ni kwamba kamera ya magazeti hukunjwa ikawa kama mkoba, na ina kitazamio cha pembeni, hivyo mwandishi wa habari aliweza kukimbia nayo. Lakini kwa nyuma zote mbili zina kitu kilekile: kioo chenye ukungu, ambacho taswira huangukia juu yake kabla filamu haijawekwa.

Yetu ni Crown Graphic iliyotufikia kutoka kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kupiga picha, nayo ilikuwa imelala sandukuni miaka mingi. Ukiufungua mlango wake wa mbele, mlango huo hulala chini ukawa kama kibaraza chenye reli mbili. Ubao wa lenzi huvutwa juu ya reli hizo, nao huuvuta nyuma yake mvukuto wenye mikunjo mingi, mfano wa mifuo ya mhunzi. Kati ya lenzi na kioo hamna kitu kingine ila giza. Hiyo ndiyo sifa yake kuu machoni pa mwalimu: hakuna kilichofichwa. Mwanafunzi aweza kuingiza mkono ndani na kujua kwamba ni sanduku tupu.

KOSA LETU LA KWANZA

Hatuna budi kukiri kwamba tulipoipeleka darasani mara ya kwanza tuliiharibu kazi kwa mikono yetu wenyewe. Tuliiweka mezani, tukachora ubaoni sehemu zake kumi na mbili, tukaandika majina yake kwa Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya kufundishia sekondari, na tukawataka wanafunzi wanakili. Kisha tukasimulia historia ya kiwanda. Tukaonya kwamba chombo hiki ni cha thamani na kisiguswe. Dakika arobaini zikaisha. Wanafunzi walitoka wakiwa na orodha nyingine ya maneno, na kamera ikarudi sandukuni mwake bila kutazamwa na jicho hata moja.

Somo hilo lilitufunza sisi kuliko lilivyowafunza wao. Chombo kilichokatazwa kuguswa hakifundishi. Katika shule na vyuo vyetu vingi kuna kabati zenye vifaa vizuri ambavyo vimezeeka vikiwa vipya, kwa kuwa mwalimu aliyekabidhiwa ufunguo aliogopa kudaiwa kilichovunjika. Falsafa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka mwanafunzi ajifunze kwa kufanya kazi halisi. Aghalabu sisi tuliipokea kwa jembe na bustani, tukaisahau katika sayansi.

KUIKAGUA NI SOMO

Mara ya pili tulianza na ukaguzi, na tuliufanya pamoja na wanafunzi. Tunapendekeza kila anayeanza afanye hivyo, kwa kuwa kamera ya umri huu haiaminiki mpaka ipimwe, na kila kipimo chake ni jaribio la sayansi.

Kwanza ni mvukuto. Usiku, au katika chumba kilichofungwa madirisha, taa ndogo ya tochi huwashwa ndani ya kamera, na wanafunzi huuzunguka mvukuto wakitafuta nuru inayopenya, hasa katika pembe za mikunjo. Tulipata matundu matatu. Kila tundu lilikuwa kama nyota. Tuliyaziba kwa vipande vya kitambaa cheusi na gundi inayonyumbulika, na hapo hapo swali likaibuka lenyewe: tundu dogo namna ile lingedhuru nini? Ndipo wanafunzi wakarejea kwenye duara za sakafuni. Tundu dogo ni kamera nyingine, nayo ingechora picha yake juu ya picha yetu.

Pili ni lenzi. Hutazamwa kwa kuielekeza kwenye ukuta mweupe uliomulikwa, kamwe si kwenye jua. Vumbi la juu hupulizwa kwanza, kisha hufagiwa kwa brashi laini. Kulisugua na vumbi lake ni kulikwaruza. Nyuzi nyeupe mfano wa utando wa buibui ni kuvu, nayo huwapata zaidi waliohifadhi lenzi mahali penye unyevu. Mkwaruzo mmoja mdogo hauharibu taswira kama wengi wanavyodhani.

Tatu ni kilango, yaani vile vijibati vilivyomo ndani ya lenzi ambavyo hufunguka na kufunga kwa muda uliopimwa. Mafuta ya zamani hukauka, na kilango hukawia, hasa katika mwendo wa polepole. Mwanafunzi mwenye saa huipima sekunde moja kwa urahisi. Kwa mwendo wa kasi tuliitumia simu ya mwalimu yenye uwezo wa kurekodi picha 240 kwa sekunde: kilango kilichoandikwa sehemu moja ya 25 ya sekunde kingepaswa kuwa wazi kwa picha kama 10, lakini tulihesabu 14. Hatukukitia mafuta, kwani mafuta mapya huenea na kugandisha vijibati. Tulikiandikia tu kasi yake ya kweli katika kikaratasi na kukibandika ubavuni mwa kamera. Wanafunzi walielewa siku hiyo tofauti ya kipimo kilichoandikwa na kipimo kilichopimwa.

Mwalimu atakayepata Speed Graphic badala ya Crown azingatie jambo moja zaidi. Speed Graphic ina kilango cha pili cha pazia mbele ya filamu. Pazia hilo lisipofunguliwa kabisa, kioo cha nyuma kitabaki cheusi, na anayeanza atadhani lenzi imekufa.

KIOO CHENYE UKUNGU

Sasa twende uwanjani. Tuliisimamisha kamera juu ya meza mbele ya mlingoti wa bendera, tukafungua kilango, tukaacha tundu la lenzi likiwa pana kabisa, na tukaifunika sehemu ya nyuma kwa kaniki. Kitambaa hiki kinafaa kuliko vyote, kwani ni cheusi, ni kizito, na hupatikana. Wanafunzi waliingia chini yake mmoja mmoja. Hatukuwaambia wataona nini.

Wa kwanza alitoka bila kusema neno, akautazama mlingoti, akarudi ndani. Wa tatu aliuliza kwa sauti: “Mwalimu, mbona bendera iko chini?” Wa nne akaona kwamba wenzake waliotoka kulia wanaingia kwa kushoto. Mabishano yakaanza, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, juu ya nani ameigeuza bendera na wapi. Wengine walisema ni lenzi, wengine wakasema ni kioo. Kijana mmoja ambaye kwa kawaida haulizi wala hajibu aliomba tuiondoe lenzi na kuweka mahali pake bamba jeusi lenye tundu la msumari. Tulifanya hivyo. Taswira ilififia sana, lakini bendera ilikuwa bado iko chini. Basi lenzi ikaachiliwa huru, na mstari mnyoofu wa mwanga, ule uliokuwa umelala madaftarini, ukaamka. Mwale unaotoka juu ya mlingoti na kupita katika tundu hauna pengine pa kwenda ila chini.

Baada ya hapo tuliwapa karatasi nyembamba ya kunakilia na penseli. Karatasi ilibandikwa juu ya kioo, na kila kundi likachora lilichokiona: mlingoti, paa la darasa, mti. Tulikuwa tumeandika neno LAGANGABILILI kwa chaki katika ubao uliosimamishwa uwanjani. Wanafunzi walitarajia kwamba maandishi yangegeuka kama yanavyogeuka katika kioo cha kujitazamia, yasisomeke hata kwa kupindua karatasi. Kumbe karatasi ilipozungushwa nusu mzunguko, juu ikawa chini, neno lilisomeka sawasawa. Tofauti kati ya taswira ya kioo bapa na taswira ya lenzi, ambayo tumeifundisha kwa mishale ubaoni miaka yote, ilikuwa mikononi mwao.

Hiyo ndiyo sababu ya kusema filamu isubiri. Filamu humpa mwanafunzi matokeo bila safari, na huko kwenye giza la sanduku kila kilichotokea hutokea bila yeye kuwapo. Kioo chenye ukungu humwonyesha taswira ikiwa hai, ikitikisika na upepo, nayo haina gharama. Penseli ndiyo filamu yake ya kwanza.

LENZI NA KIPIMO

Lenzi ya kamera yetu imeandikwa milimita 135. Namba hiyo ni urefu wa fokasi, nayo si pambo. Tulielekeza kamera kwenye mti wa mbali, tukasogeza reli mpaka taswira ikawa kali, na wanafunzi wakaweka alama kwa penseli kwenye kibaraza. Kisha mwenzao akasimama mita 2 kutoka kwenye lenzi. Taswira yake ilikuwa imefifia kingo. Ili iwe kali ilibidi lenzi isogezwe mbele kwa karibu milimita 10. Aliposogea mpaka mita 1, lenzi ilisogezwa kwa milimita 21 kutoka alama ya kwanza. Ndipo tulipoandika ubaoni ile kanuni ya lenzi, kwa mara ya kwanza katika mada nzima, na wanafunzi walipoikokotoa walipata namba zilezile walizokwisha kuzipima kwa rula. Mara nyingi wao hupewa kanuni wakaambiwa waiamini. Safari hii kanuni ndiyo iliyotakiwa kuaminika mbele yao.

Somo la hisabati nalo lilipata fungu lake. Tulipima mita 27 kutoka kwenye lenzi hadi kwenye shina la mti. Umbali huo ni mara 200 ya milimita 135. Taswira ya mti katika kioo ilikuwa na urefu wa sentimita 5. Kwa hiyo mti una urefu wa karibu mita 10, na hapana aliyeupanda. Hizo ni pembetatu zinazofanana, lakini zimetoka kwenye kitabu zikaja uwanjani.

Kisha tuliligeukia tundu la lenzi, ambalo hupanuliwa na kubanwa kwa mapanga membamba ya chuma. Namba zake, 5.6, 8, 11, 16, 22, 32, huwashangaza wanaoanza kwa kuwa namba kubwa ndiyo tundu dogo. Siri yake ni kugawanya: milimita 135 gawanya kwa 8 ni karibu milimita 17, na 135 gawanya kwa 16 ni karibu milimita 8.5. Upana umepungua kwa nusu, lakini eneo limepungua mpaka robo, na kioo kinafifia hivyo hivyo. Tuliwasimamisha wanafunzi watatu, mmoja mita 2, wa pili mita 4, wa tatu mita 8. Tundu lilipokuwa pana, mmoja tu alionekana kwa ukali. Tulipolibana, wote watatu walianza kuonekana kwa ukali, huku giza likizidi. Kila faida ina gharama yake, na mwanafunzi aliiona gharama hiyo kwa macho.

Kwa anayetafuta lenzi ya pili, ushauri wetu ni huu: asinunue nyingi. Lenzi ya kati ya milimita 127 na 150 ndiyo ya kawaida kwa filamu ya ukubwa huu. Ya milimita 90 huona eneo pana, ya milimita 210 huvuta kitu karibu. Kwa kufundishia, mbili zatosha, ili wanafunzi walinganishe ukubwa wa taswira ya mti uleule.

PINGAMIZI

Wenzetu kadhaa wametupinga, na hoja zao si za kupuuzwa.

Wa kwanza husema kwamba simu inatosha. Simu hupiga picha nzuri kuliko kamera yetu, na ina lenzi na tundu vilevile. Ni kweli. Lakini lenzi ya simu ni ndogo kuliko punje ya mahindi na imefungiwa; taswira yake huinuliwa, husafishwa na kugeuzwa na mashine kabla mtu hajaiona. Simu ni chombo chema cha kupimia, nasi tumeitumia kupimia kilango. Si chombo chema cha kujifunzia jinsi taswira inavyozaliwa.

Wa pili husema kwamba mtihani hauulizi habari za kamera kongwe, na muda ni mfupi. Tunakubali kwamba vipindi vyetu vya uwanjani vilikula muda. Hata hivyo, kwa maoni yetu, muda unaopotea zaidi ni ule wa kurudia mada ambayo ilifundishwa bila kueleweka.

Wa tatu ndiye mwenye hoja nzito. Husema: ninyi mmepata kamera kwa bahati, shule jirani ifanye nini, nayo ina wanafunzi themanini darasani? Hoja hii ilitusumbua, kwani njia isiyoweza kufuatwa na shule nyingine si mbinu ya kufundishia bali ni sherehe. Jibu tulilipata sokoni. Miwani ya kusomea huuzwa ikiwa na namba, na namba hiyo ni moja gawanya kwa urefu wa fokasi katika mita. Miwani ya namba 4 ina lenzi mbinuko mbili, kila moja yenye fokasi ya robo mita, yaani sentimita 25. Miwani mbovu iliyovunjika mkono yatosha kwa kamera mbili. Chukua maboksi mawili ya karatasi ngumu, moja liingie ndani ya jingine na kuteleza. Gundisha lenzi mbele ya boksi la nje. Nyuma ya boksi la ndani weka karatasi ya kunakilia au karatasi iliyopakwa mafuta ya kupikia. Kuteleza kwa maboksi ndio mvukuto wako. Darasa la wanafunzi themanini litapata kamera kumi kwa miwani mitano.

Kwa wanaotaka kioo hasa, vipande viwili vya kioo cha dirisha husuguliwa kimoja juu ya kingine kwa ile dawa ya kusagia valvu ambayo mafundi wa magari huitumia, pamoja na maji kidogo, mpaka kioo kipate ukungu laini. Tulilijua hili kwa kulazimika: kioo cha kamera yetu kilivunjwa na mwanafunzi katika wiki ya tatu. Tulikasirika kwa dakika chache. Kisha yeye na wenzake wakasaga kingine kwa siku mbili, na hadi leo hicho ndicho tunachotumia.

Tahadhari moja haina mjadala. Lenzi yoyote, ya kamera au ya miwani, isielekezwe kwenye jua ikiwa jicho lipo nyuma yake, wala isiachwe juani bila kifuniko. Huku kwetu, wakati wa mavuno, pamba hukaa maghalani na majumbani, nayo hushika moto upesi.

FILAMU, HATIMAYE

Atakayefika kwenye filamu, na sisi tumefika mara chache kwa sababu ya bei yake, afuate utaratibu huu bila kuruka hatua. Afungue kilango na kuipata taswira kali katika kioo, abane tundu, afunge kilango na kukikaza, aingize kasha la filamu, avute bamba linalozuia mwanga, apige, arudishe bamba kabla ya kitu kingine chochote. Siku ya jua kali, kwa filamu ya kasi ya 100 na tundu namba 16, sehemu moja ya mia ya sekunde hutosha. Makosa ya wanaoanza ni mawili: kuvuta bamba ilhali kilango kingali wazi, na kusahau kulivuta kabisa. Tumeyafanya yote mawili.

Wanafunzi waliopitia kioo hawakuyarudia. Walipoulizwa sababu, hawakutaja hatua kwa namba. Walieleza mwanga ungekuwa wapi wakati huo. Hilo ndilo tulilokuwa tukilitafuta.

Basi tunawaomba walimu wenzetu, na hasa wakufunzi wanaowaandaa walimu, wafungue kabati zao. Kama kuna kamera kongwe, na itolewe, ikaguliwe na wanafunzi, ielekezwe kwenye mlingoti wa bendera. Kama haipo, miwani na maboksi yapo. Na kama hata hayo yamekosekana, mwalimu ainame tu, aiweke karatasi nyeupe chini ya duara moja ya mwanga sakafuni, aiinue taratibu kuelekea batini, na awaulize wanafunzi kwa nini jua linapungua.